Mtoto kulala darini: maswali kuhusu vyumba vya chini ya paa visivyo na cheti Uingereza

Ukurasa huu ni wa wanaoishi England na wana chumba chini ya paa ambacho karatasi zake hazionekani. Mimi ni fundi seremala, si wakili. Nimekunja mgongo kwenye dari za watu kiasi cha kuulizwa mambo haya baada ya swala ya Ijumaa, kwenye foleni ya pilau harusini, na kwa simu saa tano usiku. Nimeyaandika kama yanavyonijia.

Chumba cha darini "kisicho na cheti" ni kipi hasa?

Ni ile nafasi chini ya paa, Waingereza wanaiita loft, ambayo mtu aliitandika mbao, akapiga jipsamu, akatoboa dirisha la paa, akaweka ngazi na zulia, lakini wakaguzi wa majengo wa halmashauri hawakuitwa kuikagua wala hawakutoa cheti cha kukamilika kwa kazi. Kwa macho ni chumba. Kina taa, kina soketi, pengine kina rangi nzuri kuliko vyumba vya chini. Kwa karatasi ni stoo. Ndiyo maana dalali mwangalifu huandika kwenye tangazo "vyumba viwili na chumba cha loft". Kusema vyumba vitatu hathubutu.

Muuzaji aliniambia kazi hii haikuhitaji kibali. Alidanganya?

Huenda alisema nusu ya kweli. Kibali cha mipango miji na kanuni za ujenzi ni vitu viwili. Mipango miji huangalia nyumba inavyoonekana kwa nje na inavyomgusa jirani, na dari nyingi haziihitaji kabisa: nyumba ya safu inaruhusiwa kuongeza hadi mita za ujazo 40 kwenye paa, na nyumba iliyojitenga au iliyoungana na moja tu hadi 50, ikitimiza masharti mengine. Kanuni za ujenzi huangalia kama nyumba itakuangukia au itakuunguza. Hizo zinahusu kila dari inayogeuzwa chumba cha kukaa, hata kama hakuna tofali lililoguswa kwa nje.

Nitajuaje kama chumba changu kina cheti?

Anza na bahasha ya wakili aliyekununulia nyumba. Kama umeitupa, halmashauri nyingi zina orodha ya maombi ya ujenzi kwenye tovuti zao. Unaandika anwani, yanatokea. Tafuta humo kabla ya kumpigia mtu simu, na sababu nitaieleza kwenye swali la bima.

Karatasi zisipopatikana, nyumba yenyewe inasema. Pima unene wa milango ya vyumba inayofunguka kwenye ngazi. Mlango wa kawaida wa ndani una milimita 35 hivi. Ule wa kuzuia moto wa dakika 30 huwa na 44, ni mzito, na aghalabu una bawaba tatu na lebo au kizibo cha rangi kwenye ukingo wake. Angalia kama kuna king'ora cha moshi kilichounganishwa na umeme wa nyumba katika kila ghorofa, na kimoja kikilia vyote vinalia. Tazama ngazi ya kwenda juu: je, imejengwa au imening'inizwa? Nyumba ambayo mkaguzi aliingia huwa na hivi vitu. Nyumba ambayo hakuingia huwa na zulia zuri.

Fundi, mtaani kwetu kila nyumba watoto wanalala juu. Hatari iko wapi?

Iko kwenye ngazi. Watu huniita wanionyeshe chumba, nami huomba kwanza nione ngazi, kisha mlango wa jikoni. Mwenyeji hushangaa kidogo.

Moto wa nyumbani huanzia chini: jikoni, kwenye soketi ya sebuleni, kwenye betri ya skuta ya umeme iliyoachwa ikichajiwa koridoni. Moshi hupanda, na bomba refu kuliko yote ndani ya nyumba ni tundu la ngazi. Kwa hiyo aliye juu kabisa ndiye wa kwanza kufungiwa njia na wa mwisho kufikiwa. Mtu wa ghorofa ya kwanza anaweza kutokea dirishani, akaning'inia, akaanguka na kuvunjika mguu, akaishi. Wa darini hana hiyo nafasi.

Ndiyo maana kanuni za England hubadilika pale sakafu ya chumba inapopita mita 4.5 kutoka ardhini, na dari ya nyumba ya ghorofa moja hupita hapo karibu kila mara. Chini ya mita 4.5 wanahesabu dirisha kama njia ya kuokokea. Juu ya hapo wanaacha kuhesabu dirisha na wanataka ngazi iliyolindwa: kuta zake zihimili moto dakika 30, milango ya vyumba inayofunguka humo ihimili angalau dakika 20 (mafundi wengi huweka wa 30 kwa kuwa ndio unaopatikana dukani), na chini kabisa ngazi itokee kwenye mlango wa nje bila kukatisha sebule wala jiko.

Hapo penye "bila kukatisha sebule" ndipo nyumba zetu nyingi zinapoanguka. Zile nyumba za safu za enzi ya Victoria za Leicester, Bradford na mashariki ya London zilijengwa na korido nyembamba. Halafu mtu akaona sebule ni ndogo, wageni ni wengi, akabomoa ukuta wa korido. Sebule ikapendeza. Ila sasa ngazi inashukia katikati ya makochi, televisheni na nyaya za chaja, na mtoto aliye juu atalazimika kupita katikati ya moto ili atoke. Nikiambiwa nichague kasoro moja tu ya kurekebisha katika nyumba nzima, nitaurudisha ukuta huo pamoja na mlango wake, hata kabla sijaigusa dari.

Lakini nimeweka king'ora cha moshi chumbani kwake.

Umefanya vizuri, kiache hapo. Ila usidhani kitamwamsha.

Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dundee, pamoja na mchunguzi wa moto wa kikosi cha zimamoto cha Derbyshire, walitoa matokeo ya majaribio yaliyofanywa majumbani kwa watu, watoto wakiwa vitandani mwao. Watoto walikuwa 34, wa miaka 2 hadi 13. Ving'ora vya kawaida vilipolia usiku, 27 kati yao waliendelea kulala, tena na tena. Wavulana walikuwa 14. Hakuna hata mmoja aliyeamka. Watafiti walipojaribu mlio mzito zaidi uliochanganywa na sauti ya mwanamke anayezungumza, wengi waliamka.

Mzazi yeyote aliyewahi kumbeba mtoto kutoka kwenye gari hadi kitandani bila kufumbua jicho hatashangaa. Maana yake ni hii: king'ora cha chumba cha mtoto kinakuamsha wewe. Wewe ndiye utakayepanda. Kwa hiyo kinatakiwa kilie pia mahali unapolala, yaani viwe vimeunganishwa vyote, na baada ya kuamka uwe na ngazi unayoweza kuipanda na kuishuka. Tumerudi kwenye ngazi.

Vile vya kuunganishwa kwa mawimbi ya redio, vyenye betri ya miaka kumi isiyotolewa, vinawekwa kwa skrubu mbili bila fundi umeme. Mkaguzi atataka vya kuungwa kwenye umeme wa nyumba, lakini usingoje mkaguzi. Jikoni weka cha kuhisi joto, si cha moshi. Vinginevyo mara ya tatu unapokaanga vitunguu kitakuchosha, utakivua, na nimeviona vingi vimekaa kabatini karibu na bizari.

Dirisha la paa ni kubwa. Si atatokea hapo?

Atatoka aende wapi? Mbele yake kuna vigae vilivyoinama, ukingo wa mfereji wa maji, kisha hewa. Zile ngazi za kamba zinazouzwa mtandaoni zimetengenezwa kwa dirisha la ukutani, na mtoto wa miaka minane hataweza kuifunga gizani huku akikohoa.

Dirisha hilo lina kazi nyingine: kupumulia na kuonekana. Mfundishe kwamba ngazi ikiwa na moshi, afunge mlango, azibe upenyo wa chini kwa duveti, afungue dirisha apige kelele, asitoke nje. Wewe uliye chini piga 999 ukiwa nje ya nyumba na sema sentensi hii kabla ya nyingine: "Kuna mtoto darini."

Kwa siku za kawaida hatari ya dirisha ni kuanguka. Usiweke kitanda wala kabati la kupandia chini yake. Kizuizi kinachoruhusu lifunguke sentimita kumi tu kinafaa, ilimradi mtu mzima aweze kukifungua haraka bila kutafuta ufunguo. Kamba za mapazia ya dirishani ziondolewe au zifungwe juu kabisa; zimewahi kunyonga watoto wadogo.

Sakafu itabeba? Inalialia kidogo.

Kiswahili chetu kinatuponza kidogo hapa. Dari ni kile kinachofunika chumba, na pwani darini ni ghorofani vilevile. Boriti zilizowekwa kwa kazi ya kwanza hazikuambiwa kuhusu ya pili.

Boriti za dari katika nyumba nyingi za Uingereza ziliwekwa kushika jipsamu au plasta ya chini na mizigo midogo ya stoo. Wahandisi huzihesabia kilo 25 hivi kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya chumba cha kulala huhesabiwa 150. Tofauti ni mara sita. Mtu aliyepigilia mbao juu ya boriti hizo amekupa sakafu ya kukanyaga, lakini nguvu hakuiongeza. Haitaanguka leo. Itanyong'onyea polepole: plasta ya chumba cha chini itapata nyufa, mlango wa ghorofa ya kwanza utaanza kukwama, taa itatikisika mtoto akiruka. Ukiona mawili kati ya hayo, mwite mhandisi wa miundo kabla ya kumwita mchora rangi.

Kazi sahihi ni boriti mpya nene, zinazosimama kwenye kuta au kwenye mihimili ya chuma, zikipita kando ya zile za zamani bila kuziegemea. Unaweza kuthibitisha kwa kung'oa ubao mmoja pembeni na kumulika tochi: kama unaona mbao nyembamba za kimo cha kiganja tu na hakuna kitu kingine, jibu umelipata.

Na kuna jambo linalonitisha zaidi ya boriti. Nyumba nyingi zilizojengwa tangu miaka ya 1960 zina kenchi za kiwandani, zile zenye vipande vya mbao vilivyokaa kama herufi W na kushikwa kwa bati zenye meno. Kila kipande kinamtegemea mwenzake. Ukiingia chumba cha darini kilicho wazi kabisa katika nyumba ya miaka ya 1970, uliza W ilienda wapi. Kama mtu aliikata kwa msumeno kupata nafasi bila hesabu ya mhandisi, mtoto asilale humo hata usiku mmoja, na hili sitalijadili na mtu.

Ngazi yetu ni ya kuvuta kutoka kwenye tundu la dari. Anaipenda.

Ataipenda, ni kama mti. Lakini ngazi ya kukunja haikubaliki kwa chumba cha kulala. Fikiria mtoto anayeshuka kukojoa saa tisa usiku na macho yamefumba. Fikiria pia wewe unayepanda kumchukua kisha kushuka ukiwa umembeba, mkono mmoja tu ndio unaoshika.

Ngazi ya kawaida isizidi mwinuko wa nyuzi 42, na kila kidato kisizidi milimita 220 kwa kimo. Uwazi wa juu ya kichwa uwe mita 2, ingawa kwa dari wanakubali 1.9 katikati na 1.8 upande unaoinama. Mpira wa sentimita 10 usipenye kati ya fito za kizuizi, kwa kuwa panapopita huo panapita kichwa. Ile ngazi ya vidato vya kupishana, wa kushoto kisha wa kulia, inaruhusiwa pale tu ambapo nafasi imekosekana na juu kuna chumba kimoja. Kisheria inapita. Mimi nimeijenga mara kadhaa na kila mara nimemwambia mwenye nyumba kwamba ni ya mtu mzima mwenye miguu miwili mizima.

Vipi baridi na joto?

Darini pana hali mbaya kuliko mahali pengine popote katika nyumba. Tarehe 19 Julai 2022 Coningsby, Lincolnshire, ilipima nyuzi 40.3, rekodi ya nchi. Chini ya vigae visivyo na kizuizi cha joto hali ilikuwa ya tanuri. Wakati wa baridi ni kinyume chake, na hapo mzazi huleta hita ya umeme. Hita isichomekwe kwenye waya wa kuongezea, na usiku izimwe. Ukijaza pamba ya glasi kati ya makombamoyo ya paa, acha nafasi ya hewa ya milimita 50 juu yake, vinginevyo mbao zitatoa jasho na kuoza. Boila ikiwa humo au bomba lake likipita humo, weka king'ora cha kaboni monoksaidi. Mabomba au tangi la zamani lililofunikwa kwa kitu cha kijivu cha ungaunga usilikwangue: asbesto ilipigwa marufuku Uingereza mwaka 1999, lakini iliyokuwapo haikuhama.

Na panya, ndiyo, hata huku. Hutafuna nyaya.

Mtoto wa umri gani anaweza kulala juu?

Sheria haitaji umri. Kipimo changu ni hiki: je, anaweza kuamka mwenyewe kwa king'ora, akaelewa, akashuka bila kushikwa? Jaribu. Bonyeza king'ora saa nne usiku akiwa usingizini, siku ambayo hana shule kesho. Utakachokiona kitakupa jibu kuliko maneno yangu. Kwa wale wa chini ya miaka kumi sijaona aliyefaulu, na wanangu wawili ni miongoni mwa waliofeli.

Basi sisi wazazi tulale juu, watoto washuke?

Ni afadhali, ndiyo. Mtu mzima ana nafasi kubwa zaidi ya kuamka, na mtoto wa ghorofa ya kwanza ana dirisha linaloweza kumwokoa: linatakiwa liwe na uwazi wa angalau mita za mraba 0.33, lisipungue milimita 450 kwa upana wala kwa kimo, na sehemu ya chini inayofunguka isizidi milimita 1,100 kutoka sakafuni. Hakikisha halijapigwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwenye droo ya jikoni. Lakini kumbuka kwamba sasa wewe uko juu ya moshi na watoto wako chini yako. Bora kuliko yote, mpaka ngazi irekebishwe, ni hakuna anayelala humo: pawe pa kusomea, pa cherehani, pa kuswalia.

Najua jibu la hapo. Nyumba ni ya vyumba viwili, watoto wanne, na bibi anakuja mwezi Juni. Kitanda cha dabodeka kwenye chumba cha chini na kochi la kukunjua sebuleni havipendezi. Nimevipendekeza mara nyingi na nimenuniwa mara nyingi.

Nikiwaita halmashauri, si watanibomolea?

Hofu hii ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Kwa kazi iliyofanywa kuanzia tarehe 11 Novemba 1985 unaweza kuomba cheti cha kuhalalisha. Fomu yake utaikuta kwa jina la regularisation, na anayeitoa ni halmashauri peke yake, si mkaguzi binafsi. Mkaguzi atakuja, ataomba ufungue sehemu kadhaa: ubao wa sakafu hapa, kipande cha jipsamu kule. Atakuandikia kinachopungua kwa kanuni za wakati kazi ilipofanywa, unarekebisha, anarudi, anatoa cheti. Ada yake huzidi ile ya maombi ya kawaida, na kila halmashauri ina yake. Gharama kubwa hutokana na unachokutwa nacho: ving'ora ni rahisi, milango ni ya kati, ukuta wa korido ni mzito, boriti na chuma ndizo zinazouma.

Uwezo wa kukuamuru ubomoe au urekebishe upo. Hadi Oktoba 2023 halmashauri ilikuwa na miezi 12 tu tangu kazi kukamilika. Kwa sasa England ni miaka 10. Mahali penye hatari ya wazi wanaweza pia kwenda mahakamani. Lakini wakaguzi niliowajua mimi wengi hufurahi mtu anapokuja mwenyewe. Wanachokichukia ni kufichwa.

Wakili wangu alininunulia bima ya dari wakati wa kununua nyumba. Si inatosha?

Tulia hapa, kwa sababu watu wengi wamejikwaa kwenye swali hili.

Bima hiyo hulipa hasara utakayopata endapo halmashauri itakuchukulia hatua kwa sababu ya kukosekana kwa cheti. Basi. Haisemi sakafu ni imara, haisemi ngazi inapitika, hailipi milango mipya kwa kuwa umeamua kuwa mwangalifu. Ililinda mkopo wa benki. Mtoto wako hakutajwa ndani yake.

Pili, karibu zote zina sharti kwamba usiitaarifu halmashauri kuhusu kazi hiyo. Ukipiga simu kuuliza kwa nia njema kabisa, ukataja anwani, bima inaweza kufa simu ikiwa bado mkononi. Ndiyo maana nilisema tafuta kwanza mtandaoni. Soma hati yako. Unaweza kumlipa savea au mhandisi binafsi aje apime bila halmashauri kujua, upate picha ya ukubwa wa tatizo, kisha uchague: kubaki na bima na kupaacha kama stoo, au kuiachia bima na kwenda njia ya cheti. Kubaki na bima huku mtoto analala juu ni kuchagua karatasi, na nimekaa mezani na baba mmoja aliyelichagua hilo kwa mwaka mzima kabla hatujarudisha ukuta wake.

Bima ya nyumba ni nyingine tena. Ukijaza fomu, usihesabu darini kama chumba cha kulala kisha utegemee wakulipe bila maswali. Waambie kilivyo, na upate jibu lao kwa maandishi.

Mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba ananitoza kodi ya vyumba vitatu na cha tatu ni hicho.

Tangu 2015 mwenye nyumba England analazimika kuweka king'ora cha moshi katika kila ghorofa inayokaliwa. Tangu Oktoba 2022 analazimika pia kuweka cha kaboni monoksaidi katika chumba chenye kifaa kisichohamishika kinachochoma mafuta, gesi au kuni, jiko la gesi la kupikia likiachwa. Nyaya zikaguliwe kila miaka mitano. Mwandikie, usimpigie tu, uulize cheti cha dari kiko wapi.

Asipojibu, idara ya makazi ya halmashauri inaweza kuja kukagua kwa mfumo wa kupima hatari za nyumba chini ya sheria ya nyumba ya 2004, na wanaweza kupiga marufuku chumba hicho kulalwa. Jiandae kwa hilo: ukishinda, umepoteza chumba. Kabla ya kuanza, zungumza na washauri wa makazi wa bure wa mji wako ujue umesimama wapi na mkataba wako.

Nifanye nini wiki hii, kabla sijapata hela ya fundi?

Mshushe mtoto alale chini. Hilo ni la bure na linazidi yote yanayofuata. Nunua ving'ora vinavyozungumza vyenyewe kwa vyenyewe, kila ghorofa na darini. Funga milango yote usiku, hasa ya jiko na sebule. Hata mlango wa kawaida uliofungwa huchelewesha moshi. Ondoa koridoni na chini ya ngazi viatu, kigari cha mtoto, baiskeli, na chochote kinachochajiwa. Ufunguo wa mlango wa nje ukae mahali pamoja ambapo kila mtu anapajua gizani. Amueni nani anamchukua nani, kisha fanyeni zoezi mara moja taa zikiwa zimezimwa.

Na vikosi vya zimamoto huja nyumbani kukagua na kushauri bila malipo, mara nyingi wanatoa na ving'ora kwa familia zenye watoto wadogo. Hawaji kutafuta cheti. Watu wetu huwaogopa kwa sababu ya sare.

Ni usiku mmoja tu, binamu zao wamekuja.

Magodoro sebuleni. Watalala saa nane, watacheka, itakuwa ndiyo sehemu wanayoikumbuka.

Tuko Glasgow. Haya yote yanatuhusu?

Fizikia ndiyo, sheria si zote. Uskoti ina kanuni zake za ujenzi na utaratibu wake wa vyeti. Kwa upande wa ving'ora imetangulia: tangu Februari 2022 kila nyumba, ya mwenyewe au ya kupanga, inatakiwa kuwa na vilivyounganishwa, pamoja na cha joto jikoni.

Basi tukipaacha kama stoo, tunaweza kuweka masanduku ya kutuma nyumbani?

Kidogo kidogo, na pembeni karibu na kuta. Sanduku moja la ndege lililojaa kilo zake 23 ni karibu kiasi chote cha mita moja ya mraba. Yale mapipa ya kutuma kwa meli yapakieni gereji.